Hakuna Aliyechagua

Studioni walimwita Mama Sauti, maana sauti yake ingemtoa nyoka pangoni. Filamu za sayansi zilizotafsiriwa zilipita zote kooni mwake: samaki waliotamani miguu, twiga waliojivuta shingo. Uongo mtupu, lakini mtamu, na watazamaji waliupenda.

Siku hiyo ilikuwa filamu ya mageuzi ya binadamu. Alisoma vizuri mpaka kwenye damu: "Asili ikachagua selimundu, ili kuwakinga watu na malaria."

Akaiweka karatasi mezani. Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ndiyo iliyomuua binti yake wa pekee. Tangu mazishi mumewe alijilaumu, kwa kuwa ugonjwa ulijulikana katika ukoo wake. Daktari alimweleza kuwa si kosa lake, hakusikia. Lakini cha kwenye televisheni alikiamini neno kwa neno.

"Kaka, hii siisomi," akamwambia mhariri. "Nani alichagua?"

"Dada yangu, ni namna ya kusema tu. Mtazamaji anataka aone mtu anatenda."

"Na mwanangu alikuwa namna ya kusema?"

Mhariri akainamisha kichwa. Alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Shida ni kwamba sentensi lazima iishe kabla picha haijabadilika, na picha ya damu ilikuwa fupi kama mkia wa mbuzi. Mchana kutwa walipunguza na kuongeza, wakigombea neno mojamoja kama wachuuzi, mpaka sentensi ikaenea kwenye picha: "Hakuna aliyechagua. Aliyerithi kwa mzazi mmoja alipata kinga ya malaria. Aliyerithi kwa wote wawili, aliugua." Mama Sauti akaisoma. Moyoni alifurahi, akijiona anampelekea mumewe dawa.

Jioni ya siku filamu ilipoonyeshwa, alimkalisha mumewe kwenye kochi, akamshika mkono. Sauti yake ikatoka kwenye televisheni, imetulia.

"Kwa wote wawili," mume akarudia polepole. "Kumbe si mimi peke yangu."

"Si wewe, baba. Wala si mimi. Umesikia, hakuna aliyechagua."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna."

Mume akatazama ndala ndogo zilizobaki pale mlangoni, ambazo hakuna aliyethubutu kuziondoa. Machozi yakamtoka, ya kwanza tangu mazishi.

"Bora angekuwepo aliyechagua, mke wangu," akasema. "Hata kama ni mimi. Sasa nimuulize nani?"

Mama Sauti akaukaza mkono wa mumewe. Kwenye televisheni sauti yake iliendelea, ikieleza kila kitu.