Treni ya Maadui Uchochoroni Tiretta

Fong-yin alikuwa amekwisha kupanga vigoda vyake kando ya ukuta wa soko la nyama la Tiretta, mjini Kolkata, na supu ya madonge ya samaki imeanza kutokota, treni ilipoingia uchochoroni. Ilikuja polepole kutoka upande wa Bowbazar, bila reli, ikapita katikati ya muuza kuku na muuza soseji, ikasimama. Muuza samaki alivuta makapu yake ndani yasikanyagwe. Muuza soseji alilalamika kwamba moshi utaharibu nyama aliyoianika. Wateja walisogeza vigoda, wakaendelea kula.

Ilikuwa treni ya mwaka sitini na mbili. Ubavuni mtu alikuwa ameandika kwa chaki: TRENI YA MAADUI. Nyuma ya nondo za madirisha walikaa Wachina wa Kolkata, mafundi viatu, madaktari wa meno, watu wa viwanda vya ngozi kutoka Tangra, wanawake wamepakata watoto. Mwaka ule India na China zilipigana mpakani, huko milimani, na hawa wakakamatwa majumbani mwao na kupelekwa kambini Rajasthan, jangwani, kwa sababu ya sura zao.

Fong-yin alikuwa na miaka saba wakati huo. Askari walipokuja alikuwa na surua, amelazwa kwa jirani yao Bi Rokeya, na Bi Rokeya akawaapia kwamba nyumbani mwake hamna mtoto wa Kichina. Baba, mama na mdogo wake mchanga wakapandishwa treni. Baada ya miaka mitatu alirudi mama peke yake.

Fong-yin alijaza bakuli, akawa anapita dirisha kwa dirisha. Katika behewa la nyuma alimkuta baba yake, Liong Khet-sen, kijana kuliko yeye kwa miaka mingi, nywele nyeusi tii, kidole gumba kimeota sugu ya sindano ya kushonea viatu. Pembeni mama yake alikuwa amesinzia, mtoto kifuani.

“Asante, bibi,” alisema kwa Kihakka, Kichina cha nyumbani kwao, akipokea bakuli. “Wewe wa mtaa huu?”

“Wa hukuhuku.”

“Basi huenda unamjua binti yangu, Fong-yin. Yuko kwa Bi Rokeya, anaumwa surua. Mwambie wanatuhoji tu. Jumatatu nitakuwa dukani.”

Fong-yin alimtazama. Miaka yote hiyo alikuwa ameyatunza maneno ya kumwambia mtu huyu, na mengi hayakuwa mazuri.

“Kwa nini hukukimbia?”

“Nikimbilie wapi? Mimi mzaliwa wa Bowbazar. Wananiita jasusi, eti kwa sababu nawapima miguu maofisa wa jeshi. Nikamwambia kapteni aliyenihoji, Peking wakitaka kujua saizi ya buti lako si wakuulize mwenyewe?” Akacheka. Alipoona bibi hacheki, akamwangalia vizuri, kwanza macho, kisha kile kidevu cha mkewe. “Fong-yin?”

“Ndiyo, Baba.”

“Mbona umezeeka hivi?”

“Nilikuwa nakusubiri.”

Jua lilipochomoza vizuri, Anirban, mwongoza wageni, alifika na kundi lake la matembezi ya urithi, watu wa mitaa ya kusini mwa jiji waliovaa viatu vya kutembelea. Anirban alikuwa kijana mwenye adabu, na alikuwa amesoma sana.

“Ndugu zetu Wachina walilipatia jiji letu viatu bora, sosi na ukarimu,” aliwaambia. “Na hapa, kama mnavyoona, kuna treni.”

“Waambie inakwenda wapi,” Fong-yin alisema.

“Shangazi, watu wamekuja kula kifungua kinywa. Tusiwaharibie Jumapili yao.”

“Ya kwangu aliiharibu nani?”

Anirban akawauliza wageni nani hajaonja soseji.

Treni ikawa inakuja kila Jumapili. Bwana mmoja kutoka ofisi fulani ya jiji alifika akasema inazuia lori la taka, na kwa kuwa abiria ni Wachina, Wachina wa mtaa waiondoe wao. Fong-yin alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda kwa muuza nguruwe, akaazima panga lake la kukatia mifupa, akalifuata behewa la nyuma.

Mlangoni alikaa askari aliyeitwa Ramdhari, bunduki magotini.

“Mama, acha hiyo. Mimi nina amri.”

“Amri ya nani?”

Ramdhari alifikiri. “Aliyeitoa amekufa,” alisema. “Lakini hakuifuta.”

Fong-yin alipiga kufuli mpaka likavunjika. Ramdhari akauzuia mlango kwa mguu. “Mmoja tu. Na mkewe na mtoto wabaki, ili nijue atarudi.”

Khet-sen akashuka, akajipangusa. “Nakwenda kufungua duka,” alimwambia mkewe.

Walitembea baba na binti mpaka dukani, Mtaa wa Bentinck. Pale palipokuwa na kalibu zake za mbao za kuundia viatu ukutani, sasa palining'inia makava ya simu yenye picha za nyota wa sinema. Mwenye duka, Harish, aliwasalimu bila kushangaa. Wenye maduka wengine wa zamani, walioshushwa kutoka mabehewa mengine, walikuwa wamekwisha kupita mtaani hapo Jumapili zilizotangulia.

“Karibu chai, mzee. Lakini duka hili babu yangu alilinunua kihalali, mnadani.”

“Nani aliliuza?”

“Serikali.”

“Mimi nilikuwa wapi?”

“Hukuwepo, mzee. Ndiyo maana likauzwa.”

Khet-sen alikunywa chai, kwa sababu hakutaka kumvunjia mtu heshima dukani kwake, lakini aliinywa amesimama. Fong-yin hakuigusa ya kwake.

“Twende kwangu,” alimwambia baba yake nje. “Nina chumba.”

“Na mama yako? Atapokezana na nani kumbeba mtoto?”

“Mtoto atafia kule, Baba. Na wewe utafia kule. Mama atarudi na koti lako, na hatasema neno mpaka anakufa.”

Khet-sen alisimama ukingoni mwa barabara, watu wakimpita huku na huku.

“Basi ndiyo maana lazima niende,” alisema. “Asibaki peke yake kabla ya wakati.”

Fong-yin alikuwa na hasira kiasi kwamba hakumshika mkono njia nzima ya kurudi kwenye treni. Ramdhari alikuwa ameshaweka kufuli jipya, akalifungua, Khet-sen akapanda.

Siku hizi treni imo katika matembezi. Kamati ya urithi imebandika kibao ukutani kinachosema kwamba hapa watu wa asili mbalimbali wameishi kwa amani. Jumapili iliyopita, treni ilipoanza kuondoka, vijana waliokuwa wakipita kwenda kucheza kriketi waliyasoma yale maneno ya chaki, wakaokota vipande vya matofali na kuvirusha madirishani. Wageni walidhani ndivyo ilivyopangwa. Bwana mmoja mwenye kofia nyeupe akaokota na yeye. Anirban alisita, kisha akawaomba warushe mmoja mmoja, ili wengine wapate kupiga picha.

Fong-yin alitembea sambamba na behewa la nyuma, amelikinga dirisha kwa mfuniko wa sufuria. Kipande kimoja kilimpata begani, kingine shingoni.

“Rudi, mwanangu, watakuumiza,” baba yake alimwambia kutoka ndani.

Hakurudi. Alikwenda nayo mpaka barabara kuu, treni ikaongeza mwendo, akashindwa kuifuata.

Alipofika kwenye sufuria yake, yule bwana wa kofia nyeupe alikuwa amekaa kwenye kigoda, viganja vyekundu kwa vumbi la tofali, anauliza kama supu bado ipo. Fong-yin alimwambia anawe mikono kwanza. Bwana aliigeuza mikono yake juu na chini, akaitazama, hakuona uchafu wowote.