Ufunguo wa Sanduku la Maoni

Mwalimu Machibya nilimtaka. Sikutaka aniombe radhi, nilitaka aaibike mbele za watu kama alivyomwaibisha mwanangu.

Hivi jamani, mtoto wa Kidato cha Tatu anatumbukiza barua kwenye sanduku la maoni, hajaweka jina, anasema amechoka kuishi, anaomba mtu wa kuongea naye. Wewe mwalimu wa nidhamu, mwenye ufunguo, unaisoma mstarini huku unacheka! Halafu unakusanya madaftari ulinganishe mwandiko! Kokuberwa wangu akatajwa. Bila rafiki yake Odeta, aliyemganda asimwache hata chooni mpaka nikafika shuleni kwao Kisesa, leo ningekuwa nasimulia msiba. Na Machibya akanikabidhi barua ile eti ushahidi wa utovu wa nidhamu.

Siku ya kikao cha wazazi nikaenda nayo mkobani. Nilipanga kuisoma yote, kisha nimuulize kilichomchekesha. Koku akanishika mkono mlangoni.

"Mama, usiisome. Na wewe utakuwa umenianika."

Mungu wangu! Barua nikaiacha mkobani. Nikasimama nikadai ufunguo. Machibya akaanza mara ni mali ya ofisi, mara kuna utaratibu. Wazazi wakamzomea mpaka akautoa. Sanduku lilipofunguliwa, mlikuwa na karatasi nyingine, zimekunjwa ndogondogo. Akanyoosha mkono, nikauchapa kofi.

"Thubutu!"

Nilikuwa nimekuja na nesi Adoyo, anayeongea na Koku kila wiki. Akazichukua zote, akazitia kwenye bahasha bila mtu kuzisoma.

Machibya akanifuata getini, jasho linamtiririka. Ana binti Kidato cha Pili, shule hiyohiyo.

"Mama Koku, nisaidie. Umeuona mwandiko wa binti yangu mle?"

Looo! Mkuki kwa nguruwe. Alivyotetemeka nilifurahi, sifichi. Nilitaka kumwambia ndiyo, nimeuona, akalale nalo hilo. Ulimi ulikuwa tayari kabisa. Lakini binti yake amenikosea nini?

"Sikuangalia," nikasema. "Nenda kamuulize mwenyewe kama anafikiria kufa. Muulize waziwazi, kwa upole, kisha unyamaze umsikilize. Usimwache peke yake..."

Hakusubiri nimalize. Alikimbia kuelekea bwenini, mwalimu wa nidhamu mzima, tai imempanda begani. Nikamwombea amkute salama, na bado sijamsamehe.