Barabara Iliyoisha Mapema

Enzi za Nyayo, serikali ilipotaka barabara ya marram, ile ya changarawe nyekundu, kwetu Kiplombe, haikuleta matingatinga. Ilitaka mikono, na mikono tulikuwa nayo tele! Lakini nafasi zilikuwa chache kuliko watu, kwa hivyo chifu akatia vikaratasi kwenye kofia, kila mtu achague chake mbele ya baraza.

Mimi Jepkosgei nikapata! Nilipiga vigelegele mpaka chifu akaniambia nikae chini. Nilikuwa mjane ninayekula kwa shemeji yangu Kiprono, na kila nikikamua nakumbushwa ng'ombe ni wa nani. Malipo yalikuwa ya siku, na kazi ilikuwa iendelee mpaka mavuno. Kufikia hapo ningekuwa na ng'ombe wangu mwenyewe.

Jirani yangu Wahu alitoa karatasi tupu, na hakununa hata kidogo. Asubuhi ya kwanza, nyapara Adongo alipompimia kila mtu kipande chake cha kuchimba, Wahu akatokea na jembe.

"Mjane achimbe peke yake na mimi naona? Ngai, watu watanisema!"

Si unajua kwetu: leo mnalima kwangu, mnakunywa chai, kesho kwako. Wengine nao wakaja na mashemeji, wajomba, na wake wa wajomba. Saa nne tumemaliza, tunaimba. Adongo mwenyewe alikuwa anacheka, anatupimia vipande vingine.

Mahindi hayajatoa hata mbelewele, barabara ikafika mtoni. Adongo akakunja kamba yake ya kupimia. "Haya, kazi imeisha. Asanteni."

Imeisha? Nikamgeukia Wahu. "Umenisaidia mpaka nimefutwa!"

"Si ungesema nipunguze mwendo?" akajibu, na machozi yanamlengalenga.

Bwana DO, mkubwa wa tarafa, akaja kukata utepe. Akawasifu sana wale ishirini walioandikwa. Hasira zikanipanda, nikasimama bila kuitwa.

"Mzee, ishirini gani? Wale mliowakataa ndio wamechimba nusu, tena bure! Hapa kazi haijawahi kukosekana. Tazama njia ya kwenda kwa kina Ndungu kule ng'ambo ya mto, punda wanazama. Anayekosekana ni wa kulipa!"

Chifu akashika kichwa. Bwana DO akauliza nani alichimba bila kuandikwa. Mikono ikainuka uwanja mzima, hata ya Mama Leonida, mtoto mgongoni. Bwana DO akacheka mpaka akapangusa macho. "Barabara ya kina Ndungu haina kura. Kila mwenye jembe aandikwe."

Jumatatu mimi na Wahu tulipimiwa vipande bega kwa bega. Wee! Sijawahi kuona watu wakichimba vizuri vile, na polepole vile. Adongo akatubembeleza tukaze mwendo.

"Haraka haraka haina baraka, Bwana Adongo," Wahu akamwambia.

Desemba nilinunua ng'ombe. Nikampitisha mbele ya boma la shemeji mchana peupe, nikielekea chumba nilichokodi kwa Wahu.

"Jepkosgei!" Kiprono akaita. "Huyo ni wa nani?"

"Wangu."

"Wako na nani?"

"Wangu," nikasema, na sikusimama.