Sahihi ya Kununua Mbuzi wa Ntheo

"Both to sign ama either to sign?" msichana wa benki alituuliza.

"Either," akasema Gachanja.

"Both," nikasema mimi. Na kwa kuwa mimi nikisema husikika hadi kwa askari wa mlangoni, msichana akaandika langu.

Tulikuwa tumehamia nyumba moja hapo Sultan Hamud, mimi na magunia yangu ya ndengu, yeye na mashine yake ya kuchomelea vyuma. Nilimpenda Gachanja. Lakini dada yangu Kalunde naye alimpenda wake, hadi siku aliyokwenda benki akakuta akaunti yao imelambwa kama sufuria iliyoachiwa mbwa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi ndiye niliyelala chumba kimoja na aliyeumwa, nikimsikia akilia. Kwa hivyo nilitaka pesa zetu zitoke tukiwa wote wawili mbele ya dirisha, basi. Gachanja alicheka tu, akahamishia akiba yake yote humo, hata ya soda hakujiachia.

Haukupita muda baba akapiga simu kutoka Kyuso.

"Mwongeli, naskia unakaa na mtu. Jumamosi aje na mbuzi za ntheo. Asipoleta, wewe utabaki hapa."

Kwetu Ukambani unaweza kumzalia mtu watoto kumi, lakini kama hajaleta mbuzi watatu wa ntheo, wewe bado ni msichana wa kwa baba yako. Na baba yangu Mutiso si mtu wa kutisha bure. Nilikosa usingizi. Sikutaka kubaki Kyuso, nilitaka kurudi na mtu wangu nikiitwa mke wake.

Kesho yake Gachanja alikuja dukani kwangu akijikuna kichwa.

"Mwongeli, nataka sahihi yako."

"Ya nini?"

"Ya kukuoa."

Nilicheka mpaka nikamwaga ndengu za mteja. Tukaenda benki, nikatia sahihi, nikasahau. Jumamosi tukanunua mbuzi watatu wazuri soko la Kyuso, tukawapakia kwenye pikapu kando ya geti dogo la chuma. Geti hilo lilikuwa limekaa karakanani kwa Gachanja tangu kabla hatujajuana, mteja aliliagiza akahama mji. Mimi ndiye niliyesema tumpelekee baba, maana zizi lake hufungwa kwa waya na fisi wanajua.

Tulipofika, shangazi Mumbua alitusimamisha nje ya boma, mkono kiunoni.

"Hizi mbuzi zimetoka wapi?"

Hilo ni swali la desturi, na jibu lake ni jepesi: zimetoka kwangu. Gachanja akafungua mdomo na mimi papo hapo nikakumbuka benki. Nikamkanyaga mguu. Nikakanyaga tena.

"Tulitoa pesa kwa akaunti yetu, mama," akasema.

"Yenu na nani?"

"Mimi na Mwongeli. Hata yeye alisign."

"Aiya!" Shangazi alishika kichwa. "Mutiso! Kuja uone msichana amejinunua!"

Baba alitoka. Mama alifunika mdomo kwa leso. Mimi nilitamani ardhi ipasuke, na hasira zangu zote zilikuwa kwa huyu mwanamume na ulimi wake ulionyooka.

"Mbuzi ya ntheo mwanangu hawezi kulipa," baba alisema polepole. "Hizo siwezi kushika."

"Basi nitarudi siku ingine na zangu, mzee," Gachanja akasema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Lakini singekudanganya."

Baba akageukia pikapu.

"Na hiyo geti? Nayo ni ya akaunti?"

"Hapana. Ni mkono wangu, na mabaki ya vyuma vyangu. Nilitengeneza kabla sijamjua."

Baba alilizunguka, akalitikisa, akajaribu komeo mara kadhaa. Fisi walikuwa wamemlia mbuzi wengi.

"Naitaka. Nitakupa mbuzi tatu." Akaingia zizini mwenyewe, akatoka akiwaburuta watatu, akampa Gachanja kamba. "Umepokea?"

"Nimepokea, mzee."

"Sasa ni za nani?"

"Ni zangu."

"Haya. Wewe si ulikuja kuleta ntheo? Leta!"

Gachanja akamrudishia kamba. Shangazi Mumbua alipiga kigelegele kilichowatimua kuku, mama akaanza kulia, nami nikalia pia, kwa furaha. Mmoja wa wale watatu tulimla jioni hiyo. Wetu wa akaunti tulirudi nao Sultan Hamud.

Jumatatu nilimvuta Gachanja hadi benki.

"Tunabadilisha," nikamwambia yule msichana. "Andika either."

"Wacha iwe both," Gachanja akasema. "Both ndio ilinipatia bibi."

"Either!" nikasema, na askari wa mlangoni akageuka.

Njiani kurudi aliniuliza ni nini kimenibadilisha. Nikamwonyesha mguu wake, ambao bado alikuwa anauchechemesha kidogo. Mtu aliyekanyagwa hivyo na bado akashindwa kumdanganya shangazi Mumbua, mimi nitamwogopea nini?