Kaimu Aondoa Kiti

Msimamizi wetu alipokwenda likizo, sisi wa chumba cha kufulia cha hospitali tukapewa kaimu. Jana yake alikuwa anavuta mashuka mabichi pamoja nasi, jasho likimtiririka kama sisi. Asubuhi akaja na shati jeupe, kalamu mfukoni, na Kiingereza.

"By virtue of the powers vested in me," alituambia, kisha akatutafsiria polepole, kama anayelisha mtoto uji: kwa mamlaka niliyokabidhiwa. Tulishukuru. Bila tafsiri tungedhani ni mafua.

Kwa mamlaka hayo dirisha likafungwa. Kwa mamlaka hayo hayo, joto lilipomshinda, likafunguliwa. Sabuni ilihamishwa kutoka rafu ya kushoto kwenda ya kulia, ikapumzika kidogo, ikarudi kushoto. Kila tamko lilianza na Kiingereza kile kile, na kila lilipokwisha fundi wa boila aliinamisha kichwa akaitikia, "Amina." Kaimu hakukasirika. Nadhani aliona inafaa.

Kisha akakiona kiti.

Kilikuwa nyuma ya mashine ya kupigia pasi, pale mashuka yanapotokea, chini, usawa wa magoti. Anayeyapokea huketi. Kaimu alilijua hilo vizuri, maana aliyeketi pale ni mama yake mkubwa, dada wa marehemu mama yake, aliyemlea na ndiye aliyemwombea kazi. Sote tulimwita Mama Mkubwa. Goti lake lilikuwa limevimba tangu mvua zianze. Bila kiti asingeiweza kazi ile, na asiyeiweza kazi hurudishwa nyumbani.

"By virtue of the powers vested in me," Kaimu aliuambia ukuta, "hapa kazini hatukai." Akakibeba mwenyewe hadi ofisini, akakikalia.

Mama Mkubwa akapokea mashuka ameinama. Kila alipojinyoosha alishika mashine, nayo ni ya moto. Nilimnong'oneza tubadilishane nafasi. Akasema nisihangaike, mwanawe ana mengi, dunia nzima imemwelemea. Shuka likamponyoka, likaanguka sakafuni, na shuka likigusa sakafu hurudi kufuliwa. Likafuata lingine. Na lingine.

Kaimu akatoka ofisini kuuliza ni nani anayehujumu utawala wake. Akaeleza, kwa masikitiko makubwa, kwamba mtu aliyechoka itabidi apumzishwe moja kwa moja. Alikuwa ameshafika kwenye "by virtue" Mama Mkubwa alipojinyoosha, akajipangusa mikono kwenye aproni.

"Ngoja kwanza, baba. Na mimi nina yangu." Hakupaza sauti. "Kwa mamlaka niliyokabidhiwa na marehemu mdogo wangu, kitandani kwake, wewe umefungwa mgongoni kwangu unalia: nenda kaniletee kiti changu."

Mashine iliendelea kutema mashuka. Hakuna aliyeyapokea. Kaimu aliinamia shati lake jeupe, ambalo Mama Mkubwa ndiye aliyelipiga pasi alfajiri ile.

Akaenda. Akarudi amekumbatia kiti, akakiweka mahali pake, akakishikilia mgongo mpaka mama yake alipoketi sawasawa.

Fundi wa boila akafungua mdomo, lakini aliwahiwa.

"Amina," alisema Kaimu.