Kitanda cha Mtu Mmoja

Mkewe alipomwambia kwamba Jumapili anaweka ahadi katika Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko, fundi wa kuchomelea aliitikia, "Hongera, mama watoto," kisha akaenda karakanani na kuanza kukata vyuma vya kitanda cha mtu mmoja.

Mtawa ni mtawa, ndivyo alivyojua yeye, ambaye kanisani alionekana kwenye harusi na misiba tu. Tena seremala wa jirani, bingwa wa yasiyomhusu, alishamjaza maneno: "Akishaweka ahadi, bwana, wewe ni kaka yake. Zoea mapema." Kumuuliza mkewe? Thubutu! Mwanamume huyu angemeza msumari kwanza. Akaamua kufa na tai shingoni, akaendelea kuchomelea matendegu. Mke alipomletea chai alikisifu kitanda, akidhani ni cha mteja.

Ijumaa jioni, wakiwa mezani, mke akasema, "Baba watoto, mlezi wetu kule mafundishoni anauliza unasemaje. Usiporidhia, mimi siweki ahadi."

Neno moja tu, "sitaki," na mke angebaki. Lilishafika ulimini. Lakini fundi akakumbuka jinsi mwanamke huyu alivyokuwa akirudi kutoka mafundishoni, anaosha vyombo huku anaimba, uso umemnawiri. Alimpenda mno, huo ndio ukweli, hata asiweze kumzimia wimbo.

"Nimeridhia," akasema. "Nenda, mke wangu. Ila uwe unakuja kutuona. Si mnaruhusiwa?"

Mke akaweka kijiko chini. "Niende wapi?"

"Utawani."

"We mwanamume! Utawa wa Tatu ni wa walei, watu wenye waume na watoto na kazi zao. Naahidi kuishi Injili, na naanzia humu humu ndani, na wewe na soksi zako!" Akacheka mpaka akashikilia meza. "Nani kakudanganya?"

Fundi akamtaja seremala. Halafu, kwa aibu, akasema kile kitanda ni chake mwenyewe, cha kulalia peke yake mke akishaondoka.

Kicheko kikakatika. "Ulijua unanipoteza," mke akasema polepole, "na bado ukaridhia?"

"Nilikuona una furaha," akajibu fundi, akijifanya anatafuta chumvi.

Mke akainuka, akazunguka meza, akamkumbatia pamoja na shati lake linalonuka moshi wa chuma, akamlilia begani, asimwachie.