Maji ya Daktari

Maabara yetu ilikuwa vyumba viwili pale Bilele, mjini Bukoba, nyuma ya fundi cherehani, na nikisema humo mlikuwa na bakteria wakubwa hata wanagonga mlango wakitaka kutoka, nitakuwa nimepunguza kidogo. Niliosha vyombo pale miaka kumi na minne. Shule niliishia darasa la nne, mengine nikajisomea kwenye magazeti ya kufungia sukari, lakini kwa jicho la kushoto niliweza kuchungulia kwenye darubini nikamwambia Daktari, huyu katoka kwenye nyasi za Kagondo, yule za Muleba, kwa namna walivyotembea. Wa Muleba walikuwa na maringo.

Daktari mwenyewe ni Clavery Mutalemwa, mtoto wa mkulima wa kahawa wa Kagondo. Alisoma ng'ambo miaka saba, akarudi baada ya Uhuru na darubini moja, koti jeupe na swali moja. Swali lilikuwa hili: sisi Wahaya tunakamua ndizi mbivu kwa nyasi, tukizikanyaga kwa miguu ndani ya mtumbwi wa mti. Tunaongeza maji, tunapata mramba, na mramba ukilazwa na mtama unakuwa rubisi. Sasa wale wadudu wasioonekana wanaoishi kwenye nyasi na kwenye maji, wanaishia wapi? Wanafia kwenye pombe, au wanahamia tumboni kwa mtu na kujenga?

Alijaza madaftari kumi na moja juu ya jambo hilo. Siku moja akaniambia, "Mwijage, rubisi inawaua wengi. Mramba ndio unaninyima usingizi. Haujachacha, na ndio wanaopewa watoto."

"Basi tuwape watoto rubisi, Daktari."

Hakucheka. Alikuwa mtu wa kuandika kwanza, kucheka wiki inayofuata.

Mwaka 1974 watu wakahamishiwa kwenye vijiji vipya. Dada yangu Kokushubila, tuliyezaliwa naye wawili tu, alitolewa pamoja na mumewe kwenye kibanja chao cha migomba mlimani Muleba wakapelekwa kwenye mbuga za Ngenge. Alikuwa na binti wa miezi minane, Benigna, mwenye mashavu ambayo watu walikuwa wanayaomba kuyashika kwa zamu. Huko Ngenge hakukuwa na migomba bado, miti ilikuwa ya kuhesabu, na kisima kilikuwa kimoja, chini ya mteremko, hatua chache kutoka kwenye boma la ng'ombe.

Ndipo ikaja barua ya Bwana Lameki, katibu wa kamati ya kuhamisha watu. Alitaka maji ya kisima kile yapimwe katika wiki mbili, kwa sababu kaya mia mbili nyingine zilikuwa njiani. Maji yakionekana mabaya, kingechimbwa kisima kingine juu, mbali na ng'ombe, na zile kaya zingesubiri. Nilipoona jina la kijiji nilimwambia Daktari kwamba huko ndiko aliko dada yangu na mtoto.

"Basi tutapima vizuri," akasema.

Tulikwenda na Landrova. Tulipofika Muleba springi ikakatika. Daktari alibaki na fundi, na sanduku letu la barafu, kwa maana barafu ile ilikuwa inayeyuka na mtu wa kuigombania alikuwa yeye tu. Mimi alinipa baiskeli ya kuazima na chupa sita, kila moja imechemshwa na kufungwa kwenye karatasi kama kitumbua cha harusi.

"Chota mwenyewe," aliniambia. "Fungua, zamisha, funga. Asishike mtu mwingine. Umenisikia?"

"Ego, waitu," nikamjibu, ndiyo mheshimiwa, kwa sauti ya mtu anayesikia.

Niliendesha kwa kasi hata kivuli changu kilifika baada yangu. Nilifikia kwa balozi wa nyumba kumi, mzee Protase, naye kwa bahati yake au yangu alikuwa na kibuyu cha rubisi kilicholetwa kutoka mlimani. Kisima kilikuwa mbali kule chini, jua kali, na kibuyu kilikuwa karibu. Wanawake walikuwa wamekusanyika kumtazama mtu wa Bukoba. Nikawagawia chupa, nikawaambia kwa Kihaya maneno ambayo nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko Baba Yetu. Nikasema, "Daktari anawaomba maji."

Bikizee mmoja, Anatolia, akauliza, "Daktari mwenyewe? Yule aliyesoma ng'ambo?"

"Mwenyewe, mae," nikamjibu, yaani mama. "Yuko Muleba, gari limemharibikia."

"Maskini. Na jua hili," akasema, akazikusanya chupa zile kama anakusanya vifaranga.

Nikanywa na Protase. Zilipita saa mbili. Wanawake wakarudi na chupa sita zimejaa, na vizibo vimefungwa kwa uzi. Nilipozishika nikaona zina joto. Nikajiambia ni jua. Kokushubila alikuwapo, Benigna mgongoni, akaniambia nimsalimie Daktari, nikamshika mtoto shavu, nikapanda baiskeli.

Bilele tukayamwaga maji yale kidogo kidogo kwenye sahani za kioo zenye chakula cha bakteria, tukazifungia kwenye kabati la joto. Siku ya pili hakuna kitu. Siku ya tatu hakuna kitu. Zile sahani ziling'aa hata ungeweza kunyolea ndevu.

Daktari akazigeuza moja moja. "Hata wale wa kawaida hawamo," alisema. "Mwijage, kisima kisicho na kitu kabisa mimi sijakiona. Hata maji ya baraka ya Padri yana watu wake. Ulichota mwenyewe?"

"Nilichota, Daktari."

Huo ndio uongo mmoja katika maisha yangu ambao sikuufurahia.

Alitaka kurudia. Lakini Bwana Lameki alikuwa ameshafika, amesimama mlangoni na mkoba kwapani, lori zinamsubiri. Daktari akaandika sentensi moja tu, kwa uangalifu wake wote: *Sampuli sita zilizoletwa hazikuotesha bakteria wowote.* Lameki akaisoma mara mbili.

"Yaani maji ni safi."

"Yaani sampuli zilizoletwa hazikuotesha."

"Sasa daktari, hayo si ndiyo yale yale kwa Kiswahili cha watu?" Akagonga muhuri hapo hapo, juu ya meza yetu, akaondoka.

Wiki ile ile Daktari alikuwa anamwaga mabaki ya chupa, akafika ya nne, akasimama. Akainusa. Akanipa nami ninuse.

"Mwijage. Ndani ya kisima kile kunaota mchaichai?"

Kesho yake nilikuwa Ngenge. Nilimkuta dada yangu anapepeta mtama, nikamuuliza mlifanya nini na zile chupa. Akanicheka.

"Ulisema anaomba maji. Tungempa ya kisimani, na matope yale? Mtu mkubwa, njiani, anaomba maji, umpe yanayonuka ng'ombe? Tuliyachuja kwa kanga ya Anatolia iliyo mpya, tukayachemsha mpaka yakaruka, tukamimina yangali moto. Ya kwangu nikatia mchaichai. Aliyapenda?"

"Kuni mlipata wapi?"

"Tulivunja kitanda cha Anatolia. Alisema mwenyewe, wageni wa namna hiyo hawaji kila siku."

Nilirudi Bilele nikamweleza Daktari yote, pamoja na kibuyu. Hakunigombeza. Ingekuwa nafuu. Alivaa kofia, tukaenda, akashuka kisimani mwenyewe na suruali yake ya kitambaa, akachota. Safari hii sahani zilijaa kwa siku moja. Zilikuwa nene, za manjano na za kijivu, na hapo sihitaji kuongeza chumvi hata punje. Alizifunika akaziweka kwenye sanduku, tukazipeleka ofisini kwa Lameki.

Lameki hakuwa mtu mbaya. Alizitazama zile sahani moja moja. "Sasa Daktari, mimi nifanye nini? Karatasi iliyokwenda mkoani ni moja, ina muhuri. Nikipeleka ya pili inayosema kinyume, wataniuliza nani kati yetu ni mhujumu. Na watu wameshashuka. Nyumba zao za zamani zimeezuliwa. Niwarudishe wapi?"

"Chimba kingine juu."

"Wachimbaji wameshapelekwa kijiji kingine. Kwa sababu hapa, maji ni safi."

"Basi waambie wachemshe."

"Waambie wewe. Wewe ndiye wanayekuheshimu."

Akawaambia. Walikusanyika wote, kaya za kwanza na kaya mpya, Daktari akasimama juu ya sanduku la sabuni, akawaonyesha sahani. Akawaeleza wadudu wa kisimani, na wa kwenye nyasi za mbugani wanazokamulia ndizi za kutoka mlimani, jinsi wanavyokutana ndani ya mramba, akawasihi mtoto asipewe mramba uliotiwa maji mabichi. Sijapata kumsikia akisema vizuri vile. Walimsikiliza kwa adabu zote. Alipomaliza, mzee Protase akasimama.

"Waitu, tumekuelewa. Maji ya mgeni tunachemsha siku zote. Lakini sisi wenyewe tuko kaya mia nne na zaidi hapa, na miti ya kuni unaiona kutoka hapo uliposimama. Ihesabu."

Daktari akageuka kweli akaihesabu. Nilimwona midomo ikicheza. Kisha akashuka kwenye sanduku.

Tangu hapo alikuwa anaandika barua. Aliandika kwa kila anayeweza kuandikiwa, mimi nikizipeleka posta, na baadhi zilijibiwa kwamba suala lake limepokelewa. Jumamosi tulikuwa tunapakia kuni kwenye Landrova, tunashuka nazo Ngenge. Nyumba ishirini zilipata kuni za siku mbili. Wiki iliyofuata tukapeleka kwa nyumba nyingine ishirini, na zile za kwanza zilikuwa zimeshamaliza. Nyumbani kwa dada yangu nilikuwa nashusha mzigo wa siri, mkubwa kuliko wa wengine. Baadaye niligundua alikuwa anaugawa kwa majirani. "Nitapikaje peke yangu wananitazama?" aliniambia.

Mvua za Machi zilipoanza, mteremko ulisafisha boma la ng'ombe na kulimimina kisimani. Petroli ikakosekana wiki tatu. Daktari alikuwa anatembea ndani ya vyumba vile viwili, anakwenda dirishani, anarudi, anafungua daftari, analifunga. Mimi nilisugua sahani zilizokwisha sugulika.

Benigna aliharisha siku mbili. Siku ya tatu mama yake alimbeba akaanza kutembea kwenda Muleba. Hakufika naye.

Watoto waliokufa kijijini masika ile walikuwa tisa. Daktari aliyaandika majina yao kwenye daftari la kumi na mbili, kwenye ukurasa ambao ungekuwa na majina ya bakteria, na hakuandika kitu kingine humo. Kisima cha juu kilichimbwa baada ya miaka miwili.

Niliteremka Ngenge baada ya kusikia. Nilitembea kutoka Muleba, na sitasema nilitembea kwa kasi. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, nimwambie dada yangu kuhusu kibuyu, na kwamba sikuteremka kisimani kwa sababu ya jua. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka na wanawake wenzake. Alinyanyuka aliponiona, akaingia jikoni, akakawia. Nikasikia anavunja kitu cha mti.

Akatoka na maji kwenye glasi, akapiga goti, glasi juu ya kisahani. Ilikuwa ya moto mkononi.

"Koku, mimi si mgeni. Mimi ni kaka yako."

"Umetoka Bukoba," akasema. "Kunywa."

Nikanywa. Yalikuwa na mchaichai.